Samaki ana nyumba yake: somo la Homa Bay na Migori kwetu sisi wa Pwani

Wasomaji wangu, leo naomba tutoke baharini kidogo twende ziwani. Omena wanaouzwa kwa mkebe katika masoko yetu ya Mombasa hawavuliwi kwenye bahari hii. Ni samaki wa Ziwa Viktoria, na Homa Bay na Migori ni kaunti mbili kati ya tano za Kenya zinazopakana na ziwa hilo. Yanayowapata samaki wa kule yanafika hadi kwenye sufuria zetu.

Samaki wakipungua, neno la kwanza tunalosikia ni kwamba wavuvi wamezidi. Kuna ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Kila samaki ana nyumba yake: mahali pa kuzalia, pa kulelea watoto na pa kujificha. Ikivunjwa nyumba hiyo, hata ukipunguza ngalawa samaki hawarudi.

Zamani samaki mkuu wa Homa Bay alikuwa ngege. Mwaka 1905 nyavu za kutega ziliingizwa ziwani, na haikuchukua muda wavuo ukaanza kushuka. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilimleta mtaalamu Michael Graham kuchunguza, naye akashauri matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5. Kisha katika miaka ya 1950 akapandikizwa sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, samaki mkubwa anayekula wenzake. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa ziwa zima. Aina za furu, wale samaki wadogo waliokuwa zaidi ya 500, ziliangamia nyingi. Wataalamu wanakadiria kwamba karibu 200 zilitoweka.

Lakini hawakwisha wote, na hapa ndipo penye somo. Walionusurika wengi ni wale waliokuwa na pa kujificha. Sangara anahitaji maji yenye hewa nyingi. Ndani ya mafunjo, yale manyasi marefu ya kinamasi, hewa ya majini ni kidogo, kwa hiyo sangara hawezi kukaa, ila wadogo waliozoea hali hiyo hukaa na kulea watoto. Wengine walijisitiri katika mianya ya miamba, kama ile inayozunguka visiwa vya ziwani. Mafunjo kwa ziwa ni kama mikoko kwetu, na miamba ile ni kama matumbawe yetu.

Upande wa Migori kuna Mto Kuja, unaomwaga maji yake ziwani. Samaki aitwaye ningu huishi ziwani, lakini mvua zikinyesha na mito ikafurika, hupanda mtoni kutaga mayai. Wavuvi walijua njia yake, wakatega nyavu kwenye midomo ya mito, wakamkamata mama kabla hajataga. Ningu alipungua sana hata kabla ya sangara kuenea. Njia ya kwendea kuzaa nayo ni sehemu ya nyumba.

Maji yenyewe pia lazima yatembee. Miaka ya 1980 huko Mbita, Homa Bay, mlango wa maji kati ya bara na kisiwa cha Rusinga ulizibwa kwa tuta ili kupitisha barabara. Mkondo ulikatika, na miaka mingi baadaye ikabidi lijengwe daraja ili maji yapite tena. Sisi wa Mombasa hadithi hii tunaijua. Tuta la Makupa lilijengwa mwaka 1929, na daraja lake likafunguliwa mwaka 2022. Muda wote huo maji ya pande mbili za kisiwa chetu yalikuwa yamezuiwa kukutana pale.

Serikali ina utaratibu wa kufunga uvuvi wa omena kwa miezi minne, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, ili wazaliane. Naunga mkono, ingawa najua ni miezi ya dhiki kwa mama anayeanika na kuuza omena. Lakini kufunga msimu kunalinda wakati tu. Kama katika miezi hiyohiyo mafunjo yanafyekwa na kuchomwa kwa ajili ya mashamba, na uchafu wa mjini unamiminwa ghubani, tunamnyima mvuvi riziki yake leo na kesho hatapata cha kuvua.

Kwetu ni vivyo hivyo. Tunabishana juu ya juya na nyavu haramu, na ni haki tubishane, huku mikoko ya Tudor ikikatwa na maji taka yakiingia kwenye mkondo. Chaa na changu wadogo watalelewa wapi? Watu wa Gazi, Kwale, wameonyesha njia: tangu mwaka 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja unatunza mikoko na fedha zake zinasaidia maji na shule za kijiji.

Kamati za BMU ziko ziwani na ziko Pwani. Kikao kijacho, kabla ya kuuliza nani amevua kwa wavu gani, tuulize kwanza: mazalia yetu yako wapi, na nani anayalinda? Wazee wetu wa uvuvi wanayajua moja baada ya jingine. Yaandikwe, yawekewe mipaka, na anayeyaharibu ashtakiwe kama anavyoshtakiwa mwenye wavu haramu.