Tembeeni porini kabla ya mvua

Watoto wetu wanasoma katika vitabu vya masomo kwamba kule Ulaya, mwezi wa 3 na wa 4, baridi inaisha na miti inatoa majani mapya. Sasa waulize: na hapa kwetu Katanga, majani mapya yanatoka mwezi gani? Wengi watanyamaza, ama watasema, "Mvua ikinyesha." Hapana. Yanatoka mwezi wa 9 na wa 10, wakati jua ni kali, barabara ni vumbi tupu, na mvua bado.

Jamaa yote inaweza kwenda kuona, bila kulipa kitu. Tokeni asubuhi mapema, mbele ya jua kupanda. Chukueni maji ya kunywa na viazi vya kuchemsha. Ninyi mnaoishi Likasi, njia za bonde la Lufira ni nzuri. Acheni barabara ya malori, mushike njia ya velo. Na ninyi vijana, musikaribie mashimo ya wachimbaji. Udongo unaanguka bila kupiga hodi.

Tazameni miombo. Majani yake machanga si ya kijani. Ni mekundu, mengine yana rangi ya shaba kabisa. Rangi ile inakinga jani laini na jua kali. Kisha jani linakomaa na kugeuka kijani. Lakini maji yametoka wapi, na mvua haijanyesha? Mizizi inashuka mbali chini, na shina lenyewe limeweka akiba ya maji. Mti haungojei mawingu.

Mukipita penye vilima, mutaona vingine havina miti juu, majani mafupi tu. Usifikiri ni watu wamekata. Shaba ni nyingi mno katika udongo ule, na miti mikubwa haiwezi kuivumilia. Wazee wetu walioyeyusha shaba zamani, mbele ya kampuni za karne ya 20, walijua kusoma alama ile.

Sasa inueni macho upande wa mashariki. Pale kunasimama ukingo wa Kundelungu, nchi ya juu inayopita mita 1.600. Tangu mwaka 1970 sehemu yake ni hifadhi ya taifa, na mto Lofoi unaanguka pale zaidi ya mita 300. Lakini siku nyingi za mwezi wa 10 hautaona mlima. Utaona moshi.

Moshi ule ni wetu. Tunachoma pori ili tupate shamba, tuwinde panya, ama kwa desturi tu. Na kuna tofauti kubwa ya wakati. Ndola, katika Zambia, watu wa misitu walianza mwaka 1933 kuchoma viwanja vya miombo kwa majira mbalimbali na kulinganisha. Palipochomwa mapema, majani yakiwa na maji bado kidogo, miti iliishi. Palipochomwa kila mwaka mwisho wa kiangazi, msitu ulikwisha, nyasi zikabaki. Moto wa mwezi wa 9 unakuta majani yale mekundu, machanga, na kuyaua.

Tena kuna makala. Bila umeme wa hakika mama atapika na nini? Hatuwezi kumhukumu. Lakini anayekata ajue hivi: kisiki cha muombo kinachipuka tena kama haking'olewi wala kuchomwa. Na uyoga mwingi tunaoupenda unaishi pamoja na mizizi ya miti hiyo. Viwavi navyo vinakula majani yake. Miti ikiisha, uyoga na viwavi vinaisha, na masuku pia. Mfuko wa makala unauzwa mara moja tu. Mti unalisha nyumba kila mwaka.

Kwa hiyo, ndugu, ukitaka kusafisha shamba, choma mapema, mwezi wa 5 ama wa 6, na ulinde moto usikimbie. Ukikata mti, acha kisiki. Na mvua kubwa za kwanza zikinyesha, rudieni njia ileile na watoto. Moshi utakuwa umeoshwa, na mlima mutauona vizuri.