Furukombe wa kitenge: kushona, kupanga bei na kuuza

(Muziki wa kufungulia unashuka.)

Msikilizaji wa Dzaleka, kama una cherehani, au hata sindano tu, kaa nasi. Leo tunazungumzia mabaki ya kitenge, ambacho wenyeji wetu huita chitenje, na namna ya kuyageuza kuwa mikoba na mapambo ya ukutani yenye wanyama wa Malawi.

Kwa nini wanyama wa hapa? Mteja hupenda anachokitambua. Furukombe, kwa Kichewa nkhwazi, yumo kwenye nembo ya taifa. Kiboko ni mvuu, tembo ni njobvu. Ukilijua jina, mazungumzo na mteja yameshaanza.

Twende kazini. Kwanza, fua vitambaa kabla ya kukata. Kisha lowesha kila kipande, ukisugue kwa kitambaa cheupe. Rangi ikihamia, usikishone karibu na cheupe. Furukombe ana kichwa cheupe. Akivujiwa na rangi nyekundu siku ya kufuliwa, mteja harudi tena.

Pili, chora ndege kwenye karatasi, ukate kiolezo. Kichwa, kifua na mkia ni vyeupe, tumbo la kahawia, mabawa meusi, miguu ya njano. Unapokata kitambaa, acha nusu sentimita pembeni ya kukunja ndani, kisifumuke. Shikiza kwa pini, shona kwa mishono midogo, kisha darizi jicho na makucha.

Tatu, bei. Tuseme kitambaa, uzi na nauli vimekula kwacha 4,000, nawe umeshona siku mbili. Ukiuza kwa 5,000, umejilipa kwacha 500 kwa siku. Je, inakutosha? Andika gharama zote kabla hujataja bei.

Nne, usibandike manyoya halisi ya ndege wa porini, ngozi wala pembe. Sheria ya wanyamapori ya Malawi iliyorekebishwa mwaka 2017 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 30 kwa makosa makubwa. Kitambaa na uzi vinatosha.

Sasa, soko. Lilongwe iko kilomita zipatazo 45 kutoka hapa, lakini unajua kwamba mkimbizi haruhusiwi kwenda na kufanya kazi atakako. Mwaka 2023 wenzetu wengi waliokuwa na biashara mijini walirudishwa kambini. Basi uliza habari za kibali kabla ya kubeba mzigo. Njia nyingine ni kumngoja mteja aje: tamasha la Tumaini, lililoanzishwa hapa Dzaleka mwaka 2014, huleta wageni kutoka Lilongwe na mbali zaidi. Anza kushona mapema, mkiwa watu wanne au watano, ili meza yenu ijae.

Usitupe mabaki ya leo, msikilizaji. Tukutane kipindi kijacho.

(Muziki unapanda.)