Mtoto asiyetulia, na mzazi anayechoka

Mama mmoja wa kambi yetu alikuja kwenye dispansari kuomba kidonge cha kichwa. Nilipokuwa namwuliza maswali, mtoto wake wa miaka 7 alipanda juu ya meza, akamwaga pamba, akakimbia njiani. Mama akalia: «Munganga, jana nilimpiga mpaka nikajiogopa mimi mwenyewe.»

Kidonge kisingetosha.

Kuna watoto ambao ubongo wao unakawia kujifunza kutulia, kungoja na kumaliza jambo walilolianza. Wanganga wanauita ugonjwa huu TDAH. Unaanza mbele ya miaka 12, na mara nyingi unapita katika damu ya jamaa. Si uchawi, si laana, wala si mama aliyelea vibaya. Mwaka 2005 Dr Espérance Kashala na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wa shule wa Kinshasa wa miaka 7 hadi 9: walikuta dalili zake kwa karibu watoto 6 katika 100. Basi hauko peke yako.

Lakini usikate hukumu mwenyewe. Hapa Masisi watoto wengi wamekimbia vita. Woga, usingizi mbaya, hata masikio yasiyosikia vizuri, vinaweza kumfanya mtoto ahangaike vilevile. Mlete apimwe.

Sasa wewe, baba. Unatoka shimoni, unakuta kelele, unashika fimbo au unakwenda kwenye pombe. Fimbo haiponyi ubongo, inaongeza woga. Mama aliyebaki peke yake kutwa nzima naye anaanza kuugua: kichwa, hasira, kukosa usingizi. Na wewe usipolala, kesho shimoni mkono wako utakosea.

Fanyeni hivi:

1. Mwambieni neno moja kwa mara moja, mkimtazama machoni.
2. Akitimiza, msifuni palepale.
3. Kula, kuoga na kulala viwe saa ileile kila siku.
4. Pokezaneni, mmoja apumzike.
5. Hasira ikipanda, mwachie mwenzako mtoto, utoke nje kwanza.

Ikiwashinda, Goma kuna kituo cha wagonjwa wa akili Tulizo Letu, cha watawa Frères de la Charité. Msione haya.

Yule mama alirudi. Mtoto angali anakimbia. Lakini jioni baba yake anamchukua kwenda kuchota maji, na mama anapata kuketi.