Kumketisha mzee hakumkingi na kuanguka

Mvua ya Aprili ikianza kunyesha, huwa najua wagonjwa watakaonijia. Vichochoro vya Gatwekera na Lindi, huko Kibera, huteremka kuelekea mtoni, na udongo ukilowa huteleza kama sabuni. Kawangware nako kuna mitaro iliyo wazi. Kijana akianguka hapo hujifuta matope na kwenda zake. Mtu wa miaka 70 huenda asiinuke.

Ajuza mmoja wa Gatwekera aliletwa kwangu na binti yake miezi minne baada ya kuteleza akiwa na mtungi wa maji. Siku ile hakuvunjika popote; mkono ulivimba tu, ukapona. Lakini watoto waliingiwa na hofu. Wakamkataza kuteka maji, kupika, hata kwenda kanisani. "Mama, wewe kaa tu, tutakufanyia," walimwambia. Naye akakaa. Alipofika kwangu hakuweza kuinuka kitini bila kuvutwa mkono, na alikuwa ameanguka mara mbili zaidi, safari hii ndani ya nyumba, akiiendea ndoo usiku.

Sikuwalaumu watoto hao, kwani walimpenda mama yao. Hata hivyo, upendo wa namna hiyo huwaangusha wazee wengi. Misuli ya mapaja isipotumika hunywea upesi mno. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliripoti kuwa wazee wenye afya njema waliolala kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Sasa fikiria miezi minne.

Kinachosaidia ni mazoezi, wala si lazima yawe ya uwanjani. Katika jiji la Dunedin, New Zealand, wanawake 233 wa miaka 80 na zaidi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa mazoezi ya kutia miguu nguvu na ya kusimama imara, ya kufanyia nyumbani kwa nusu saa, mara tatu kwa wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997: kwa mwaka mmoja kundi hilo lilianguka mara 88, na lile jingine mara 152.

Chumba cha futi kumi kwa kumi kinatosha. Mzee aketi kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, si sofa, kisha ainuke polepole na kuketi tena, mara tano, baadaye kumi. Akishindwa, ajisaidie kwa mikono. Halafu ashike meza nzito au fremu ya mlango, ainue visigino asimamie vidole, na baadaye ainue mguu mmoja kando. Mwisho asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili, kama anayetembea juu ya kamba, ahesabu hadi kumi. Hili watu hulidharau, ilhali ndilo linalofunza mwili kujishika unapoyumba. Awepo mtu karibu.

"Daktari, mimi hutembea kila siku hadi Toi, hayo si mazoezi?" mzee mmoja aliniuliza. Ni mazoezi, mzee wangu, na moyo unayapenda, lakini kutembea peke yake hakuzuii kuanguka.

Anayepata kizunguzungu akiinuka apimwe shinikizo la damu akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama. Dawa zake zote ziletwe kliniki, maana za shinikizo na za usingizi zinaweza kumyumbisha. Patipati zilizolika zitupwe. Na aliyeanguka akashindwa kukanyaga, au mguu ukaonekana mfupi na kugeukia nje, asikandwe wala kuvutwa; apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Yule ajuza alirudi baada ya wiki kumi, akitembea mwenyewe. Watoto bado hawataki kumwona na mtungi wa lita 20. Aliniambia kwamba husubiri waende kazini, kisha hubeba wa lita tano.