Kitambaa Puani Hakizuii Vumbi la Mwamba

Familia nyingi za Mpanda, hasa upande wa Dirifu, Magamba na Ibindi, zinapata riziki yao kwa dhahabu. Vijana hushuka mashimoni, wengine huponda mawe kwenye makarasha, na akina mama huosha mchanga. Wengi hujifunga kitambaa au kipande cha kanga puani, wakiamini kwamba wamejikinga. Mwezi huu tunaeleza kwa nini kinga hiyo haitoshi.

Mwamba wenye dhahabu una silika nyingi. Ukitobolewa au kusagwa ukiwa mkavu, hutoa vumbi. Vumbi zito tunaloliona hunaswa puani na kutoka kwa makamasi. Lenye hatari zaidi ni lile lisiloonekana, jembamba zaidi ya mara 10 kuliko unywele. Hilo hupenya kwenye kitambaa, hufika ndani kabisa ya mapafu, na kubaki humo. Polepole mapafu hufanya makovu na kukakamaa. Ugonjwa huu huitwa silikosisi. Mgonjwa hukohoa, huishiwa pumzi na kudhoofika. Dalili zaweza kuchelewa miaka 10 au zaidi, hata baada ya mtu kuacha kazi. Hakuna dawa ya kuuponya. Tena, mapafu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi.

Basi tufanye nini?

1. Maji kwanza. Lowesha mwamba kabla ya kutoboa, kuponda au kufagia. Vumbi lisilopaa halivutwi.

2. Vaa barakoa ya vumbi, aina ya N95 au FFP2, mikanda yote 2 ikiwa imefungwa. Ibane vizuri puani na kidevuni. Ndevu huacha mwanya. Ikilowa, ikichanika au ikiziba, ibadilishe.

3. Barakoa hiyo haizuii mvuke wa zebaki. Anayechoma dhahabu atumie chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, achomee nje, mbali na watu. Kamwe asichomee jikoni! Mvuke huo hudhuru ubongo, figo na mtoto aliye tumboni.

4. Vua nguo za kazi na uoge kabla ya kwenda nyumbani. Usizikung'ute ndani, wala usimpakate mtoto ukiwa umezivaa.

Wenye makarasha na mashimo wakumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kinga. Si hisani, ni haki yao.

Mwisho, mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi aende hospitali mapema. Amweleze daktari au muuguzi kazi anayofanya na miaka aliyoifanya. Sisi wauguzi tusipojua kwamba mgonjwa aliponda mawe, ni rahisi kudhani ni kifua kikuu tu, na vumbi likaendelea kumla.