Malkia Fatuma wa Unguja

Zamani huko Japani alitawala mwanamke, jina lake Suiko, tangu mwaka 593 hata 628. Labda mtasema hayo ni ya mbali, kwetu ufalme ulikuwa wa wanaume tu. Sivyo. Unguja nako walitawala malkia, wala si mmoja.

Mwaka 1652 Malkia Mwana Mwema aliungana na Waarabu wa Omani kuwapiga Wareno. Miaka arobaini na zaidi baadaye alitawala Fatuma, Mwislamu kama yeye, lakini huyu alikuwa rafiki wa Wareno. Kisiwani kwake Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Augustino walikuwa na kanisa.

Tarehe 13 Machi 1696 Waarabu wa Omani waliizingira Ngome ya Yesu huko Mombasa. Ndani walikuwamo Wareno wachache na Waswahili wengi, wake kwa waume, na njaa ikaingia. Ninyi mliouona mnyauko wa migomba hapa Muleba na Bukoba mwajua nyumba isiyo na chakula ilivyo. Lakini ninyi mliweza kubisha kwa jirani. Wale walifungiwa ukutani.

Fatuma akapakia vyakula katika majahazi matatu, akayapeleka Mombasa. Yalikamatwa, yakachomwa moto. Kisha Waarabu wakaja Unguja kwenyewe, naye na watu wake wakakimbilia upande wa pili wa kisiwa.

Je, alifanya hivyo kwa kupenda dini yetu? Mimi siamini. Aliwategemea Wareno, nao hawakuwa wapole siku zote: Mombasa waliichoma zaidi ya mara moja. Hata hivyo, rafiki akizingirwa, wengi hungoja kwanza waone nani atashinda. Yeye hakungoja.

Ngome ilianguka Desemba 1698, baada ya miezi 33, maradhi yakiwa yamewamaliza karibu wote. Fatuma akakamatwa, akapelekwa Omani, na mwanawe Hassan akatawala chini ya Waarabu. Mama yule alikaa ugenini kama miaka kumi au zaidi, ndipo akarudi Unguja na kushika tena utawala wake.

Ukibahatika kufika Unguja, ingia Ngome Kongwe. Waarabu waliijenga mahali pa lile kanisa la Mapadre, na vipande vya kuta zake vimo ndani mpaka leo. Nyumba ya Fatuma yasemekana ilikuwa hapo jirani, penye jumba la Beit-el-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na kubomoka upande mmoja siku ya Noeli ya 2020.