Fahamu: Mnada wa mtandaoni na taarifa za mazao ghalani

Mnyororo wa ugavi, yaani mfuatano wa watu wanaoifikisha bidhaa kutoka shambani hadi kwa mlaji, husafirisha taarifa pamoja na mzigo, na katika biashara ya mbaazi na ufuta taarifa hizo zilikuwa kwa miaka mingi mtaji wa dalali, aliyeijua bei ya mjini na shida ya mkulima pia. Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) huendesha mnada wa mtandaoni unaotegemea mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005: mkulima hupeleka mazao kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), ghala lenye leseni huyapima na kutoa stakabadhi, ambayo ni hati inayothibitisha umiliki, uzito na daraja la ubora, kisha wanunuzi hushindana kwa bei. Kwa utaratibu huo, msindikaji wa eneo la viwanda la Themi, jijini Arusha, anaweza kuujua mzigo ulioko Babati kabla ya kukodi lori. Skrini, hata hivyo, haipimi unyevu wa mbegu. Mtunza ghala akikosea daraja, wanunuzi wote hushindania takwimu yenye kosa, na mvutano huzuka magunia yanapofunguliwa.